Uso Haupigwi Miraba

Kuna sifa moja ambayo siku hizi hutunukiwa kila kijana ajuaye kushika penseli: "Mashaallah, kama picha!" Hutolewa kwa nia njema, na mpokeaji huinamisha kichwa kwa haya akaipokea kama zawadi. Mimi naiona ni tusi. Laiti angetokea mmoja wao akajibu, kwa adabu zote, kuwa picha ilikwisha pigwa, nayo imo ndani ya simu ya bwana aliyeileta. Basi kama ilitosha, yeye mchoraji ameitiwa nini?

Nieleze kwanza kazi inavyofanywa, maana wamo wapenzi wa ushairi wasomao kurasa hizi ambao hawajapata kuiona. Mteja huleta picha. Mchoraji huipiga mistari ya wima na ya ulalo mpaka uso mzima ukawa miraba midogo kama sakafu ya vigae. Hupiga miraba mingine, mikubwa zaidi, katika karatasi yake. Kisha hunakili mraba baada ya mraba: humu mna kipande cha nyusi, humu nusu ya tundu la pua, humu weusi mtupu. Akifika mraba wa mwisho, uso umetimia, na huenda katika safari yote hiyo hakuutazama uso hata mara moja. Hila yenyewe ni kongwe wala haina dhambi. Mafundi wa Ulaya wa karne za 15 na 16 waliitumia kuhamishia ukutani michoro waliyokwisha kuichora wao wenyewe kwa kumkabili mtu. Kwao ilikuwa ni gari la kubebea mazao. Sisi tumeligeuza gari likawa ndilo shamba.

Dalili ya ugonjwa ni nyepesi kuiona. Mkalishe mbele ya kijana huyo mtu aliye hai, anayepumua, anayepepesa macho na kugeuza shingo kila anapopita jirani, kisha umnyang'anye simu. Mkono humfa ganzi. Amechora nyuso mia mbili, lakini hajui jicho limekaa wapi kichwani.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani ndugu za mchoraji huyo tunao katika fani yetu. Yupo mtungaji anayehesabu kwa vidole, nane ya ukwapi na nane ya utao, vina vya kati vimekaa na vya mwisho vimekaa, kituo kimeitika. Na ukimaliza kusoma huna ulichokiona wala ulichokisikia ila hesabu. Hakuna mjuzi amwambiaye mtu huyo kuwa shairi lake ni zuri kwa sababu mizani imetimia. Basi kwa nini mchoraji asifiwe kwa sababu miraba imetimia?

Nisije nikaeleweka vibaya, kwani upande wa pili wa barabara wapo wengine, na hao sina huruma nao hata chembe. Hao ni wale wanaochora sikio likaning'inia shingoni, jicho moja likapanda juu kuliko jenziwe bila ya sababu, na ukiwauliza hukujibu kuwa wao wanachora "hisia". Tuliwaona wa aina yao baada ya mwaka 1974, Kichomi ya Kezilahabi ilipotoka na ugomvi wa mashairi huru ukawaka. Nyuma ya wale waliokuwa na hoja walijificha wengi ambao kosa lao lilikuwa ni kushindwa kupata kina cha kati. Hisia si jina la pili la uvivu. Anayetaka kuukunja uso kwa makusudi na aujue kwanza ulivyonyooka.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanikera kiasi cha kuliandikia. Mimi si mchoraji. Ni mtunzi wa mashairi na mfasiri, na yote mawili nimejifunza mwenyewe, bila ya chuo. Mwaka mmoja niliombwa kufasiri maelezo ya kufundishia uchoraji wa sura kwa ajili ya vijana, nikakubali kwa kuwa nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Ilinichukua miezi, kwani niligundua kuwa siwezi kulifasiri zoezi nisilolifanya. Ilinibidi nikae na mkaa na karatasi, nimtazame mke wangu akichambua mchele, niharibu karatasi, nianze tena. Na kwa kuwa mke wangu ni mtu wa Kurui, kata ya wilaya ya Kisarawe katika nchi ya Wazaramo, sehemu kubwa ya karatasi hizo niliziharibia huko, chini ya mwembe wa wakwe zangu.

Kurui kwenye ramani ni jirani ya Dar es Salaam. Kwa mambo mengine ni mbali. Wazee wake wengi hawakupata katika maisha yao kukaa mbele ya mpiga picha kwa hiari na kwa raha. Picha waliyo nayo ni moja tu, ile ya kitambulisho: mtu kaitwa kwa jina lililokosewa, kaketishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya shuka, kaamriwa akae wima, asicheke, atazame hapo, taa ikamulika, akainuka kumpisha mwingine. Katika sekunde hiyo moja uso wa mtu wa miaka sabini huwa uso wa mtuhumiwa. Naam, kwa kazi ya serikali picha hiyo inafaa, kwani imekusudiwa kumtambua mtu, haikukusudiwa kumjua. Msiba ni pale mtu anapokufa.

Alipofariki shangazi mmoja wa mke wangu, wanawe walifanya kama wafanyavyo wengi sasa. Waliichukua picha ya kitambulisho, wakaipeleka mjini kwa mchoraji, wakarudi na sura kubwa yenye fremu na kioo, iliyochorwa kwa miraba, kila mkunjo mahali pake, hata kivuli cha ile taa shavuni kimo. Waliitundika sebuleni. Dada wa marehemu, bibi ambaye macho yake bado makali, aliletwa aione. Alisimama mbele yake kitambo, kisha akauliza, "Huyu ni nani aliyeogopa hivi?"

Hakuna aliyemjibu. Marehemu alikuwa mwanamke wa kicheko, kungwi aliyeimbisha ngoma, mtu aliyeweza kukutania mbele ya mkweo ukatamani ardhi ipasuke. Na sasa wajukuu ambao hawakumwona watakua wakijua kuwa bibi yao alikuwa mtu wa hofu. Mchoraji hakusema uongo hata mraba mmoja. Uongo uko katika jumla.

Kwa hiyo wasinijibu wale wasemao kuwa haya ni mambo ya starehe ya watu waliokwisha kula wakashiba. Kurui kila mwaka inazika nyuso, na kinachobaki ukutani ni hofu ya taa.

Wala sina vita na kamera. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mtu aliyeziona sura zilizopigwa na mafundi wa zama zile anajua kuwa walimkalisha mtu, wakaupima mwanga, wakangoja bega lilegee. Fundi wa namna hiyo ni ndugu wa mchoraji. Ninachokipinga ni kuichukua picha isiyokuwa na fundi, iliyopigwa na simu karibu na pua, na kuifanya ndiyo hakimu wa uso. Tena simu ni shahidi wa uongo kwa maumbile yake. Ukipiga picha kwa umbali wa mkono, kilicho karibu hukua na kilicho mbali hunywea. Pua huvimba, masikio hurudi nyuma. Ndipo kijana wetu huinakili pua iliyovimba kwa uaminifu wa karani, na familia husema, "Kama picha!" Kweli, kama picha, ila si kama mjomba.

Yapo pia maneno ya wasomi, na hayo yanahitaji kujibiwa kwa utaratibu zaidi kwa sababu yamevaa kanzu ya heshima. Husemwa kuwa sura yenye kufanana na mwenyewe ni jambo la Wazungu, na kwamba Mwafrika tangu asili hachori uso bali huchora roho. Na mfano unaoletwa, kwa bahati mbaya kwangu, hutoka huko huko Uzaramoni: mwana hiti. Msomaji asiyemjua nitamwelezea. Ni kisanamu cha mti, kichwa cha mviringo chenye kishungi cha nywele kilichogawanyika, kiwiliwili kama gogo dogo lililonyooka, matiti na kitovu. Mikono hakina, na uso umeguswa tu, pengine haupo kabisa. Mwali alipowekwa ndani alipewa, akamtunza kama mtoto. Umbo lake huonekana pia kwenye fimbo za heshima na kwenye nguzo za makaburi. "Tazameni," hutuambia wasomi hao, "Mzaramo hakuhitaji pua wala kope."

Hakuhitaji pale, nakubali. Mwana hiti hana uso wa mtu kwa sababu si mtu mmoja. Ni kila mwali, na kila mtoto atakayezaliwa na kila mwali. Angepewa pua ya binti fulani, mwali wa nyumba ya pili angekataa kumbeba. Huo ni uamuzi wa fundi ajuaye kazi yake ni ipi, wala si upungufu wa jicho. Lakini tangu lini kuwapo kwa methali kukawa ni hoja ya kuyapinga maombolezo? Methali haina jina la mtu. Ndiyo nguvu yake. Utenzi wa maombolezo una jina, tena bila ya jina hauna maana. Pwani hii hii imekuwa na vyote viwili, na hakuna aliyeona kuwa kimoja kinakikanusha kingine.

Tena madai yenyewe ni ya uongo kihistoria. Mafundi wa Ife, katika nchi ambayo leo ni Nijeria, kati ya karne ya 12 na ya 15 walisubu kwa shaba vichwa vyenye mashavu, kope na midomo ambayo ungedhani itasema. Mjerumani Leo Frobenius alipofika huko mwaka 1910 na kuona kazi za namna hiyo, hakuweza kuamini kuwa wenyeji ndio walioziunda, akatafuta asili yao katika Atlantisi, nchi ya hadithi iliyozama baharini. Leo tunamcheka. Lakini anayesema kuwa uso halisi haumo katika asili ya Mwafrika anasema lile lile la Frobenius, ila amelifunika kwa kitenge.

Maneno haya hapa kwetu yana historia yake. Bibi Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alipenda kuwasimulia wanafunzi kisa ili wachore walichokiona akilini, kuliko kuwafunga katika kanuni za kwao. Alikuwa na nia njema, na kazi zilizotoka ni shahidi. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame wa mwaka 1923, aliyepita mikononi mwake na baadaye akafundisha papo hapo, alichora vijiji vya Uchaga ambamo watu ni wadogo, nyuso zao hazina maelezo mengi, na kinachotawala ni migomba, milima na kazi ya pamoja. Nazipenda kazi hizo. Zinasema jambo ambalo sura ya mtu mmoja haiwezi kulisema. Lakini mapenzi ya walimu na wanunuzi yaligeuka kuwa sheria: Mwafrika wa kweli ni yule asiyechora kope. Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932 na kusoma huko huko Makerere, alipochora kuta za kanisa la Murang'a mwaka 1959 aliwapa watu wa Injili nyuso za Kiafrika, na kwa miaka mingi baada ya hapo, katika Paa ya Paa ya Nairobi, alihubiri dhidi ya kuiga. Wanaomtaja aghalabu hudhani alikataza kuiga Wazungu tu. Kunakili simu nako ni kuiga.

Wapo watakaoniambia kuwa sura ni haramu. Wanaosema hivyo kwa imani nawaheshimu, na wanazuoni wamekhitalifiana katika mlango huo kwa karne nyingi. Sina elimu ya kuingia. Ila yule ambaye ukutani kwake imetundikwa picha ya waziri, na simuni mwake zimejaa za harusi, kisha akaikumbuka hukumu pale tu kijana wa jirani anapochukua mkaa, huyo simhesabu miongoni mwa wenye hoja.

Basi uso hujifunzwaje? Nitasema niliyoyaona yakizaa matunda, wala sitayapanga kama mtaala, kwa sababu hayakuja hivyo.

La kwanza ni kuliua jicho la kukariri. Kila mmoja wetu tangu utotoni ana alama ya jicho kichwani mwake: umbo la kungu, duara katikati, vijiti vya kope. Ukimwambia mtu achore jicho lililo mbele yake, huchora alama hiyo. Washairi tunalijua gonjwa hili. Pua ya upanga, shingo ya mapingili, macho malegevu: ni wanawake wangapi wamesifiwa kwa maneno hayo na watu ambao hawakuwatazama? Dawa mojawapo, iliyoenezwa na mwalimu wa Kimarekani Betty Edwards katika kitabu chake cha mwaka 1979, ni kuugeuza juu chini mchoro unaonakiliwa. Akili ikishindwa kulitambua jicho huacha kuamuru, na mkono hulazimika kufuata mistari ilivyo. Nyingine ni ya zamani zaidi: kumtazama mtu na kuufuata ukingo wa uso wake kwa penseli bila ya kuangalia karatasi kabisa. Mchoro hutoka kituko. Lakini kwa mara ya kwanza utakuwa umeutazama uso kwa dakika tano mfululizo, jambo ambalo wengi hawajamfanyia hata mama yao.

Kisha uwiano. Mtu akiulizwa macho yako wapi kichwani husema juu, kwa sababu uso kwake huanzia kwenye nyusi, na paji na nywele havihesabu. Pima: macho yako katikati, nusu njia baina ya utosi na kidevu. Kati ya jicho na jicho panaingia jicho la tatu. Sikio, kwa watu wengi, linaanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Hivi ni vipimo vya kuanzia, kama mizani, na thamani yake ni kumwonyesha mwanafunzi pale ambapo mtu huyu anavikataa. Bibi wa Kurui niliyemtaja sikio lake la kushoto liko chini kuliko la kulia. Uzee umeuvuta upande mmoja wa uso wake kuliko mwingine, na mzaha wake wote umekaa katika upande huo uliovutwa. Anayezisawazisha pande mbili za uso ameufuta.

Hapo tumefika kwenye ile iitwayo haiba, ambayo wengi hudhani ni jambo la mdomo. Wakitaka furaha huinua ncha za midomo. Tabibu Mfaransa Duchenne alikwisha onyesha mwaka 1862 kuwa kicheko cha kweli huukaza msuli uliozunguka jicho, na kwamba msuli huo hautii amri kirahisi. Ndiyo maana mtu anayeambiwa acheke mbele ya kamera hucheka mdomo tu. Na ndiyo maana mchoraji anahitaji saa nzima: dakika ishirini za kwanza mtu huchunga uso wake, halafu husahau. Mwache azungumze. Mwulize bei ya korosho. Uso halisi huja wakati mwenyewe yuko shughulini.

Jambo la ngozi nitalisema kwa kirefu kidogo kwa sababu hapo ndipo nilipopigana sana na maelezo niliyokuwa nikiyafasiri. Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa na watu waliochora ngozi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Kwao karatasi yenyewe ndiyo ngozi, na kazi ya penseli ni kuongeza vivuli. Kijana wa Kurui akiyafuata maagizo hayo, ama bibi yake hutoka mweupe kama unga wa sembe, ama humsiliba weusi mpaka uso ukawa shimo. Ngozi nyeusi hujieleza zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli: paji linavyoupokea mwanga wa mlangoni, mgongo wa pua, kilima cha shavu, mdomo wa chini ukilowa. Kwa hiyo anza na karatasi isiyo nyeupe. Mfuko wa saruji, ukikung'utwa na kupanguswa, tabaka zake za ndani ni karatasi ya rangi ya kahawia, na rangi hiyo tayari ni nusu ya kazi. Mkaa huenda kwenye weusi wa ndani, na kitu cheupe huenda kwenye mng'ao. Katikati unaiacha karatasi iseme.

Na vifaa? Kisarawe ni wilaya ambayo misitu yake imeliwa na majiko ya Dar es Salaam, gunia baada ya gunia, na bado nimesikia ikisemwa kuwa vijana hawachori kwa sababu mkaa wa kuchorea hauuzwi madukani. Kata vijiti vyembamba kama penseli, vimenye gome, vipange ndani ya kopo lenye kifuniko, toboa tundu dogo, lifukie kopo motoni. Moshi unaotoka tunduni ukikoma, liache lipoe usiku kucha. Asubuhi una mkaa laini wa kutosha mwezi mzima. Weupe nao uko chini ya miguu: milima ya Pugu, humo humo wilayani, ni mashuhuri kwa udongo mweupe wa kaolini. Ukikandwa na uji mwembamba sana, ukafinyangwa vijiti na kuanikwa kivulini, huandika. Nimefanya, uji ukizidi kijiti huwa jiwe, ukipungua humong'onyoka. Kwa mwenye haraka, chaki ya shule inatosha.

Kazi ya mfasiri ilinipa na faida nyingine, ambayo wapenzi wa lugha watanisamehe nikiitaja. Nilitafuta neno la kumwita mtu anayekaa ili achorwe, nikakosa moja lililozoeleka. Lakini tunalo neno wajihi, na tunacho kitenzi kuwajihiana, yaani kukabiliana uso kwa uso, na humo mna somo lote. Na kuchora kwenyewe, kabla ya penseli, kulikuwa ni kukata kwa ncha: milango ilichorwa, na ngozi pia. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alitunga tenzi, akanakili miswada kwa khati nzuri, akachonga mbao, yote kwa mkono mmoja. Utengano wa mshairi na mchoraji ni wa juzi tu.

Kijana wa Kurui ambaye mfuko wa saruji niliuona kwake kwa mara ya kwanza huchora watu wanaosubiri zamu kwenye mashine ya kusaga. Hawatulii. Mama anamgeuza mtoto mgongoni, mzee anainuka kupisha jua. Anapata mistari kumi kwa kila mmoja kabla hajaondoka, na katika mistari hiyo kumi utamtambua mtu kwa jinsi anavyobeba kidevu chake. Hana sura moja iliyokamilika ya kutia kwenye fremu. Alipelekwa na mwalimu wake kwenye mashindano, majaji wakampa aliyenakili picha ya mwimbaji, kila unywele umehesabiwa. Nao majaji, nina hakika, walisema, "Kama picha!"

Nataka mashindano hayo yabadilishwe, na nawaambia waandaaji wote, wa visiwani na wa bara, bila ya kuuma maneno. Mwekeni mtu mmoja katikati ya ukumbi, mzee au fundi cherehani, mtu asiyejulikana na yeyote. Washiriki wamzunguke, simu zikae nje, wapewe saa moja. Atakayetuzwa ni yule ambaye mchoro wake mke wa mtu huyo atauchagua. Majaji wakapumzike.

Nimeambiwa kuwa sanaa ya miraba inauzwa na ile nyingine haiuzwi, na kwamba kijana anahitaji kula. Kweli. Na auze, mimi mwenyewe nimefasiri karatasi za maelekezo ya dawa za mifugo ili nipate ya kununulia mafuta. Lakini sikuziita ushairi.

Kwa sasa niliyoweza kulipanga ni dogo. Yule kijana wa mashine ya kusaga atakwenda kwa bibi siku ya Jumamosi, asubuhi, akae naye barazani mpaka atakapochoka mmoja wao. Nilikwenda kumwomba ruhusa mimi mwenyewe, nikamwamkia, nikamweleza kwa marefu na mapana kuhusu mwanga na upande wa kushoto wa uso wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mtoto huyo wa watu atakula hapo mchana, maana anataka kujua apike wali wa wangapi.